Vifungo vya Pembe na Namba ya Ubaoni

Karakana ya vifungo, nyuma ya machinjio
9 Januari

Mpwa wangu Bi Maswali,

Natanguliza habari za afya kabla hujazidai. Mimi mzima. Mke wangu naye mzima, ila bado analalamika kwamba nguo zangu zinanuka pembe iliyoungua, na kwa hilo hanisingizii. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi. Mdomo haumsumbui hata kidogo. Jana alikuja hapa akasimulia kwa saa nzima jinsi nilivyokuwa mtoto mchafu, mbele ya mafundi wangu wote wanane.

Jina la Bi Maswali nilikupa mwenyewe ulipokuwa na miaka sita, uliponikalia kwenye benchi la kazi ukitaka kujua kwa nini kifungo kina matundu manne na si matatu. Nilikosa jibu, na mpaka leo sina. Sasa ni zamu yangu kuuliza, maana wewe ndiye uliyesoma uchumi na wewe ndiye unayefanya kazi Benki Kuu.

Jambo lenyewe ni hili. Fundi cherehani wa pale stendi, mteja wangu wa miaka kumi na moja, amekuja na kifungo cha plastiki kiganjani. Akaniambia, "Fundi, hivi nauziwa dazeni kwa sitini. Vyako themanini. Mimi nina watoto, unanishauri nini?" Nikakitazama kile kifungo. Kimetengenezwa ng'ambo, kimepanda meli, kimelala bandarini, kimepanda lori mpaka hapa. Pembe yangu inatoka machinjioni, inavuka barabara kwa toroli. Inakuwaje msafiri awe rahisi kuliko mwenyeji?

Nimejumlisha na kutoa mpaka kichwa kimeniuma. Wafanyakazi wa kule hawawezi kuwa wanakula hewa. Kuna kitu hapo katikati nisichokiona. Desemba yote pipa la kung'arishia limezunguka siku mbili tu kwa wiki, na siku nyingine mafundi wangu wanakaa wakicheza bao na kuniangalia kwa jicho la upande. Hali hii ikifika mwaka mwingine, nafunga.

Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Kuuliza si ujinga.

Mjomba wako

---

Chumba namba 6, hosteli ya wafanyakazi
28 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila kitanda cha hosteli kimezama katikati na naamka nimejikunja kama mkate wa boflo. Mwenzangu wa chumbani ameanza kujifunza kupika, hivyo niombee. Mwambie mama apashe lile goti moto kwa kitambaa na aache kupanda ngazi za watu kutafuta habari.

Umeniuliza swali ambalo wakubwa wangu hapa hulizunguka kwa kurasa arobaini. Nitajaribu kulijibu kwa moja na nusu.

Kile kifungo cha plastiki kinanunuliwa kwa dola. Mwagizaji anakuja benki na mia moja ya pesa yetu, anapewa dola moja. Hiyo mia ndiyo bei ya serikali, na haijabadilika kwa miaka sita. Lakini ukipita mitaani kwa wanaouza dola kwa siri, watakuambia mia na arobaini. Wao wanaangalia dola ni chache kiasi gani, sisi tunaangalia karatasi. Kwa hiyo mwenye kibali cha kuchukua dola kwa mia ameshasaidiwa kabla hajanunua chochote. Akiagiza vifungo, vinafika hapa vikiwa rahisi kuliko vinavyostahili. Mwenyeji hana kibali, hana dola, ana pembe na toroli. Hapo ndipo kilipo kile kitu usichokiona.

Na ukiuza wewe kwenda nje, mambo yanageuka. Dola utakayoiingiza nchini unabadilishiwa kwa mia ileile. Anayeagiza anabebwa, anayeuza nje anakatwa. Hakuna aliyekaa akaandika sheria ya kukuonea, Mjomba, ila namba hufanya kazi yake hata mwenye namba akiwa amelala.

Utacheka ukijua kwamba ninayeibandika ni mimi. Kila siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi, napiga chapa karatasi ya viwango, mkuu wangu wa idara anatia sahihi, nashuka nayo hadi kwenye ubao wa kioo nje ya lango. Pale wananisubiri matarishi wa makampuni na kalamu zao, na kila siku wananakili namba ileile ya jana. Nilimwuliza mkuu kwa nini nisibadilishe tarehe tu. Akasema, "Siku utakayoacha kuihakiki ndiyo siku itakayokosewa."

Mpwa wako

---

Karakana
20 Februari

Bi Maswali,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na mafundi wangu wakaacha bao kusikiliza. Sote wazima. Mama yako amesema hawezi kuacha ngazi kwa sababu habari ziko ghorofani.

Sikuridhika na kusoma tu. Nilimfuata mwagizaji mwenyewe dukani kwake. Watu wanamwita Bwana Kibali. Nilidhani nitamkuta mtu wa nyodo, kumbe ni mtu wa kawaida, mnene kidogo, anayejipepea kwa ankara. Nikamwuliza bila kuzunguka anawezaje kuuza kwa bei ya chini kuliko yangu. Akacheka, akanivutia kiti. Akasema, "Fundi, mimi siuzi vifungo. Nauza dola za bei rahisi, nimezivalisha nguo ya vifungo. Kesho wakinipa kibali cha vijiko nitauza vijiko." Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Nikarudi nikiwaza. Kama wa ndani hawanitaki, acha nitafute wa nje. Katika mafungu ya makoti ya mtumba nililiona moja lenye vifungo vya pembe halisi. Unajua ninavyopima, natia sindano kwenye moto, naigusisha nyuma ya kifungo, ikitoka harufu ya nywele zilizoungua hiyo ni pembe. Muuzaji alitaka kunipiga. Ndani ya koti kulikuwa na kitambaa chenye jina na anwani ya nyumba ya ushonaji huko ng'ambo. Nimewapelekea vifungo arobaini na nane, vyeusi na vya rangi ya asali, vimefungwa kwenye boksi la viatu vya mke wangu. Barua alinisaidia mwalimu wa jirani.

Sasa swali la leo. Hiyo mia yenu kwa nini mnaing'ang'ania hivyo, ikiwa mitaani kila mtu anajua ni mia na arobaini? Na inaweza kutikisika?

Mjomba wako

---

Hosteli
6 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimecheka peke yangu kwa ajili ya yule muuzaji wa makoti hadi mwenzangu akadhani nina homa. Mimi mzima. Wali wa mwenzangu sasa unalika ukiwa na njaa.

Tunaing'ang'ania mia kwa sababu si vifungo tu vinavyonunuliwa kwa dola. Dawa za hospitali, mafuta ya malori, mbolea, vipuri vya mashine za kusaga, vyote ni hivyo. Tukisema kesho dola ni mia na arobaini, mgonjwa wa sukari atalipa zaidi kesho kutwa asubuhi, wakati wewe faida yako ya kuuza nje itachukua miezi kuonekana. Maumivu hufika kwa ndege, faida hufika kwa meli. Kiongozi gani anapenda hivyo? Kwa hiyo kila mwaka wanasema tusubiri mwaka ujao.

Kama inaweza kutikisika, sisi jengo zima tunalipwa kuhakikisha haitikisiki. Ndiyo kazi yetu. Naibandika kila asubuhi na naiona imara kama ule ubao wenyewe.

Ukipata mteja wa ng'ambo nijulishe mapema. Nilipoajiriwa nilijaza fomu kwamba sina ndugu anayefanya biashara na nje. Ukianza, lazima niirekebishe. Ni utaratibu tu.

Mpwa wako anayejivunia mjomba wake

---

Karakana
2 Aprili

Mpwa wangu,

Leo salamu fupi, sote wazima, goti limepoa, maana nina jambo la furaha lisilosubiri.

Wamejibu. Nyumba ile ya ushonaji inataka dazeni elfu tatu katika miezi sita, kuanzia Juni. Mwenye nyumba ni mwanamke, ameandika mwenyewe kwa mkono kwamba vile vya rangi ya asali amevishona kwenye koti lake la kuvaa. Dazeni elfu tatu ni karibu kila pembe ninayoweza kupata. Nimewakusanya mafundi nikawasomea. Yule tunayemwita Mkono Mwepesi, anayetoboa matundu bila kupima, alikaa chini akafuta macho kwa aproni. Bao limewekwa juu ya kabati.

Kumebaki kitu kimoja. Mteja anasema bei ikishaandikwa haibadiliki miezi sita yote, na ananipa hiari. Tuiandike kwa pesa yetu, mia na hamsini kwa dazeni, maana vya makoti vinakula pembe mara mbili na nauli ya meli ni juu yangu, au kwa pesa yake, dola moja na nusu. Kwa namba yako ya ubaoni ni kitu kilekile, ndivyo alivyosema naye. Lakini wewe umenifundisha kutilia shaka vitu vilivyo kilekile.

Niandike ipi? Jibu lake lazima liondoke hapa kabla ya tarehe kumi Mei. Misumeno na unga wa kung'arishia nanunua kutoka nje, mishahara nalipa kwa pesa yetu. Nikikosea, nina watu wanane wa kuwatazama usoni. Sina mwingine wa kumwuliza, na hata ningekuwa naye ningekuuliza wewe.

Mjomba wako

---

Hosteli
29 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo. Hapa mvua zimekuwa nyingi na ngazi za hosteli zinateleza. Viatu vyangu vyeusi vimeachia soli, nimevipeleka kwa fundi. Mwenzangu wa chumbani amepata uhamisho, kwa hiyo nimerudi kula mkate na chai.

Nimefurahi kusikia goti la mama limepoa. Mwambie nitajitahidi kuja mwisho wa mwaka. Kazi ni nyingi kidogo.

Wasalimie mafundi wote.

Mpwa wako

---

Karakana
8 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako imefika tarehe tano. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa umebaki kwenye bahasha. Mama yako ameisoma naye akasema, "Huyu si mwanangu. Mwanangu akijibu swali moja anaongeza mawili." Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nikamwambia aache kumchimba mtoto, amechoka, viatu vimekatika, amekula mkate wiki nzima.

Nilikaa na ile karatasi ya mkataba siku mbili. Halafu nikajiambia hivi. Mpwa wangu ameniandikia kwa mkono wake kwamba jengo zima linalipwa kuhakikisha namba haitikisiki. Yeye mwenyewe anaibandika kila asubuhi. Kama kungekuwa na hatari angenieleza, na kama hakueleza ni kwa sababu hakuna la kueleza. Mimi nitakosaje kuiamini kazi ya mtoto wetu?

Basi jana nimetia sahihi. Nimeandika kwa pesa yetu. Pesa ya watu sijui inalala wapi na inaamka saa ngapi, hii yetu ina mtu wangu mlangoni. Nimeona fahari kidogo, nisikufiche.

Nunua viatu vingine. Hivyo vya kushona soli kila mwezi vitakuaibisha mbele ya matarishi.

Mjomba wako

---

Hosteli
22 Mei

Mjomba wangu,

Sijui nikuamkie vipi. Shikamoo.

Utakuwa umesikia redioni. Tarehe kumi na tano saa mbili na nusu nimeshuka na karatasi iliyosema mia na hamsini. Matarishi waliandika mia kwa mazoea, kisha kalamu zikasimama. Mmoja aliniuliza, "Dada, umekosea?" Barua yako ya tarehe nane niliipata jioni ya siku hiyo.

Sasa jambo limekuwa la watu wote, naweza kusema, na nitasema lote. Barua yako ya Aprili ilinifikia tarehe nane. Kesho yake nilikwenda kurekebisha ile fomu, nikaandika kwamba mjomba wangu ana mteja wa nje. Mkuu wangu akasema, "Vizuri. Kuanzia leo barua zako za nyumbani zitapitia mezani kwangu." Nilidhani ni utaratibu. Siku chache baadaye nikaitwa kwenye chumba cha juu, nikapewa kazi ya kupiga hesabu za bei ya mafuta na dawa kwa namba tatu, mia na thelathini, mia na hamsini, mia na sabini. Tuliapishwa upya, watu watano.

Ile barua yangu ya Aprili niliiandika mara nne. Ya kwanza ilisema, "Kuhusu mkataba siwezi kukujibu." Mkuu akaikata kwa kalamu. Akasema, "Hilo nalo ni jibu." Alikuwa sahihi. Ikabaki mvua na viatu.

Nilijua, Mjomba. Nilifikiri kimya changu kitakufanya uende kwa mwingine, kwa Bwana Kibali, kwa mwalimu, kwa yeyote. Sikuwaza kwamba utakichukua kuwa dhamana. Kama nisingekuandikia yale maneno ya mwezi Machi, ya namba imara kama ubao, usingeandika ulivyoandika. Hilo ndilo linaloniumiza.

Niandikie hata kunitukana.

Mpwa wako

---

Karakana
14 Julai

Mpwa,

Mama yako mzima.

Mteja analipa mia na hamsini kwa dazeni kama tulivyoandikiana. Kwake sasa ni dola moja. Ningeandika dola ningepata mia mbili ishirini na tano. Misumeno imepanda karibu nusu, unga wa kung'arishia hivyohivyo. Nimewaachisha wawili, mmoja wao ni Mkono Mwepesi, kwa sababu yeye ana mke mwenye duka na wengine hawana.

Fundi cherehani wa stendi amerudi. Vya plastiki sasa dazeni tisini, anataka vyangu, yeye na mafundi wengine sita. Nimewafukuza mlangoni wote saba kwa kuwa kila pembe niliyonayo nimeshaiuza ng'ambo kwa hasara. Nusu mwaka niliwasubiri warudi.

Nina swali moja. Ulijua siku ngapi?

---

Hosteli
30 Julai

Mjomba,

Siku thelathini na tatu.

Nilitaka kukutumia nusu ya mshahara wangu kila mwezi hadi mkataba uishe. Mama ameniandikia kwamba utaurudisha na bahasha yake, kwa hiyo sitakuudhi zaidi.

Nitakuambia jambo na ulipime mwenyewe. Mwezi ule wa Aprili akiba ya dola iliyobaki nchini ilitosha mafuta na dawa za wiki tano. Ndiyo maana walikubali hatimaye kile walichokikataa miaka sita. Kama neno lingevuja siku moja kabla, kila mwenye pesa angekimbilia dola kwa mia, akaziweka ndani, akazirudisha kwa mia na hamsini. Zingetoka zile za dawa. Sisi watano wote tuna ndugu. Mmoja wetu baba yake ana malori.

Ukiniuliza kama nasikitika, nasikitika usiku na mchana. Lakini ukiniuliza tena swali lile la Aprili, na mimi nikiwa nimekaa katika chumba kile, nitakuandikia tena habari za mvua. Sitaki kukudanganya kwamba ningefanya vingine. Umeshapoteza vya kutosha kwa kuniamini, angalau uwe na ukweli.

Mpwa wako

---

Karakana
24 Novemba

Mpwa wangu,

Habari za siku nyingi. Mimi mzima, nimekonda kidogo. Mke wangu anasema sasa harufu ya pembe ameizoea na ikikosekana anajua siku hiyo hakuna kazi. Mama yako hakuniongelesha Agosti yote kwa sababu sikukujibu. Ngazi zote anapanda.

Nilikukasirikia, tena sana. Ile barua yako ya Julai niliikunja nikaitia kwenye pipa la kung'arishia pamoja na vumbi la mbao. Kesho yake nikaitoa nikaipangusa. Nilikuwa nikikaa na chakula mbele yangu nasema, damu yangu, niliyempa benchi langu akalie, ameniacha nitumbukie shimoni anatazama. Nilikuwa nikimsimulia kila aliyeingia hapa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi niliendelea kuyazoa.

Halafu Oktoba nikakutana na Bwana Kibali posta. Sikumtambua mara moja. Suti anayoivaa siku zote sasa inampwaya. Tukakaa kwenye ngazi za posta, nikamwuliza biashara. Akaniambia mwezi Mei alikuwa na makontena mawili ya vifungo na vijiko baharini, aliyoyachukua kwa mkopo akitegemea kulipa kwa mia. Yalipotia nanga namba ilikuwa mia na hamsini. Ameuza gari na lile duka la pili. Nikamtazama sana usoni, maana mtu akidanganya kuhusu mali macho yake huwa na pilikapilika. Hakuwa anadanganya. Nikamwuliza, "Ina maana wewe na vibali vyako vyote, na hao wakubwa unaokula nao, hakuna aliyekunong'oneza?" Akasema, "Fundi, nilimpigia mkuu mmoja simu wiki ileile. Alinieleza habari za mvua."

Mpwa wangu, nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwaza hivi. Kama Bwana Kibali angekuwa anajua, kama kuna mtu mmoja angeambiwa na mimi nikaachwa, nisingekuandikia tena maisha yangu. Ningesema mlinyamaza kwa maskini. Kumbe mlinyamaza kwa wote. Kupoteza kumeniuma vilevile, usidhani kumepungua. Lakini kuonewa ndiko kulikokuwa kunaninyima usingizi, na siku hiyo nililala.

Haya, mkataba umeisha mwisho wa wiki iliyopita. Dazeni elfu tatu kamili, hakuna hata kifungo kimoja kilichorudishwa. Mkono Mwepesi nimemrudisha, ingawa mke wake alitaka kubaki naye dukani awe anapanga sabuni. Fundi cherehani wa stendi nimemtengea pembe zake za kila wiki na yeye ndiye wa kwanza kupelekewa. Sasa naona ulichoniambia Machi kuhusu ndege na meli. Meli imeanza kuonekana. Ila nikipita dirisha la duka la dawa naona pia waliolipia ndege, na mmoja wao ni jirani yangu mwalimu, anayenunua vidonge vyake sasa kwa kuhesabu kimoja kimoja. Sijui namba gani ingetufaa sote wawili. Najua hamjui pia, na kidogo inanifariji kwamba watu wenye suti hamjui.

Yule mwanamke wa ng'ambo ameandika. Anataka mkataba mwingine, safari hii wa mwaka mzima, na ameuliza tena kama bei iwe kwa pesa yetu au yake. Karatasi imeshaondoka na sahihi yangu. Nimefikiri mwenyewe, nimeuliza niliowaona wanafaa kuulizwa, na wewe sikukuuliza. Nimeandika kwa pesa gani sikuambii, na mama yako hajui, hivyo usimsumbue. Kajaze hiyo fomu yenu kwamba una mjomba anayeuza vifungo nje, na ukiulizwa anauza kwa pesa ipi, uape kwamba hujui, na kitakuwa kiapo cha kweli. Mambo ya chumba chenu cha juu yabaki huko juu. Mengine yote niandikie, na uje mwisho wa mwaka kama ulivyoahidi.

Mjomba wako